Keria ya Gunia Moja na Nusu

Mimi ni mshonaji. Kazi yangu ni kuwapima watu viuno, na kwa miaka ishirini na kitu nimewapima maharusi, walimu, wakwe na wanaowaogopa wakwe, nikiwaambia wote uongo ule ule: hujanenepa, ni kitambaa tu kimebana. Futi yangu hukaa shingoni tangu asubuhi mpaka nafunga mlango. Mwenyewe sikuwahi kujipima. Futi ya mshonaji ina urefu wa sentimita mia na hamsini tu, na sikutaka kujua kama inatosha.

Nakaa Rahaleo, mjini Mtwara, na mume wangu. Mama anakaa kijiji cha Ziwani, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, pamoja na mdogo wangu wa kiume na mkewe. Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda kumwona: gari mpaka njia panda, halafu pikipiki, kwa sababu kutoka pale hadi nyumbani njia ni ya mchanga. Tulikaa, tukamenya muhogo, akanieleza habari za watu wote waliomuudhi wiki ile, nikarudi mjini nimejaa furaha na mihogo.

Mpaka Jumamosi moja masika yanakwisha, pikipiki ilipozama. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu zake. Aliniomba nishuke, akavuka peke yake mchanga ule mbaya, nikapanda tena. Ikazama. Nikashuka, nikapanda, ikazama mara ya tatu. Akazima injini, akatazama tairi la nyuma, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mama, hii pikipiki si yangu."

Kina mama waliokuwa wanarudi shamba walitua vikapu chini ili wacheke vizuri. Nilicheka nao, maana kilikuwa kichekesho kweli. Halafu nikatembea kwa miguu njia yote iliyobaki, jua la saa sita kichwani, na nilipofika kwa mama nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikuweza kumwambia kilichotokea. Nilisema gari lilichelewa.

Jumamosi iliyofuata sikwenda. Na iliyofuata pia. Nilipiga simu.

"Kuna harusi, mama. Nguo hazijaisha."

"Wiki iliyopita pia ulisema harusi."

"Ni nyingine."

"Watu wa Ntwara wanaoana sana siku hizi," akasema mama kwa lafudhi yetu ya kusini. Hakuwa mjinga. Alikuwa ananipa nafasi ya kuona haya mwenyewe.

Jumamosi ya saba akaniambia mikorosho imeanza kutoa maua. Nikamuuliza ameionaje. Akasema hajaiona, ameambiwa na mdogo wangu. "Huu msimu wa pili naambiwa tu. Nguu haufiki." Shamba lake liko mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwa mtu mwenye magoti mazima, na goti la mama si zima. Pikipiki hapandi. Alipanda mara moja tu maishani mwake, akashuka ikiwa bado inakwenda, na goti ni la tangu siku hiyo.

Nilipokata simu niliona aibu, na aibu ikanigeuka hasira. Mama yangu anaambiwa habari za mikorosho yake aliyoipanda kwa mikono yake, na mimi nimekuwa mtoto wa simu. Nikaapa kwamba Jumamosi haitapita tena bila kuniona Ziwani, na kwamba sitabebwa na mtu. Nitakwenda kwa baiskeli.

Mume wangu alipoambiwa alitafuna chakula chake muda mrefu sana. Kisha akauliza, "Baiskeli gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Kuendesha nilikuwa najua. Nilijifunza utotoni kwa baiskeli ya baba, mguu mmoja umepita chini ya bomba la juu, mwili wote umening'inia upande mmoja, kama tulivyojifunza wote. Lakini wakati ule nilikuwa na uzito wa kuku. Sasa ningekaa juu ya nini? Nikaanza kutazama video kwenye simu, na huko nikakuta dunia nzima ya watu wanene wanaoendesha baiskeli. Wanaume wenye vitambi, wanawake wenye mapaja ya maana, wote wamevaa nguo zilizowabana bila haya, wanapita barabarani wanatabasamu. Mmoja alikuwa mkubwa kunishinda. Lugha yake sikuielewa, ila alikuwa anagusa kila kitu kwa kidole, nami nikaelewa. Spoki ziwe nyingi. Tairi ziwe pana. Usukani uwe juu ili mgongo usikunjike. Na siti ipimwe kwa mifupa ya makalio, si kwa makalio yenyewe.

Hilo la mwisho lilinifurahisha mno. Nilitazama mara nne. Yule bwana alikalia kipande cha boksi laini, akainuka, akapima umbali kati ya mashimo mawili yaliyobaki. Boksi la namna ile sikuwa nalo. Nilikuwa na unga wa muhogo. Nikaumwaga kwenye sinia, nikausawazisha vizuri, nikaweka sinia juu ya kigoda, nikakaa.

Mume wangu akaingia, anatoka kuswali adhuhuri.

"Unafanya nini?"

"Napima mifupa."

Akatoka tena nje. Nilimsikia akivaa viatu.

Nikainuka taratibu. Mashimo mawili yalikuwa pale, yamechongeka vizuri. Nikachukua futi shingoni: sentimita kumi na nne kasoro kidogo. Nikaenda tena kwenye video, nikalinganisha na namba aliyokuwa anaionyesha yule bwana, na nikaona kwamba mifupa yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Kilo zote zile, na chini yake mwanamke wa kawaida. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka machozi yakatoka. Habari za ule unga tuziache.

Fundi wangu wa baiskeli ni shemeji yangu, amemuoa binti wa mama yangu mkubwa, kwa hiyo utani kati yetu hauna mpaka. Duka lake ni banda tu karibu na soko, limejaa baiskeli za mtumba zilizoning'inizwa juu kwa kulabu. Nilipomwambia nataka baiskeli ya barabarani, ya kukalia kwa raha, ya mtu mzito, alitoa kofia akajikuna.

Akaanza na ile aliyoipenda yeye, baiskeli ya mbio, nyekundu, tairi nyembamba kama kidole, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo. Nilipanda huku yeye ameishika. Ilibidi niiname mpaka tumbo likagusa mapaja, na kitu chini yangu kikatoa sauti, tin, halafu tin tena.

"Shuka, shemeji," akasema. "Shuka polepole."

Ya pili ilikuwa ya kike, isiyo na bomba la juu, nzuri ya kupandia gauni. Nikaikalia, na fremu ikajinyonga kidogo, ukaona gurudumu la mbele linatazama Mikindani na la nyuma linatazama uwanja wa ndege. Ya tatu ilikuwa ya alumini. Aliisifu kwa wepesi wake. Nikamuuliza, ikipasuka Ziwani nani ataichomelea? Akakubali kwamba hakuna. Wachomeleaji wa kule wanajua chuma tu.

Ya nne ilikuwa nyuma kabisa, imefunikwa na turubai. Fremu ya chuma, ndefu, rangi ya kijani iliyopauka, ina bomba la juu nene. Usukani wake ulikuja wenyewe mpaka mikononi mwangu, mgongo ukabaki wima. Niliikalia, nikasubiri kelele. Haikusema kitu. Nikajirusha kidogo. Kimya. Nikampenda yule mnyama papo hapo.

"Hii," nikasema. "Nibadilishie rimu, niwekee za spoki thelathini na sita. Tairi pana, zisizo na meno makubwa."

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Nimesoma."

"Sawa. Kilo ngapi? Nataka namba ya kweli, shemeji, si namba ya kike."

Namba ya kweli sikuwa nayo. Mizani yetu ya nyumbani sindano yake ilikuwa imeshakata tamaa. Nikakumbuka ghala la chama cha msingi, kule wakulima wanakopeleka korosho msimu ukifika. Msimu ulikuwa bado, ghala tupu, karani amekaa mlangoni anakunywa chai. Nilimweleza shida yangu. Hakucheka, aliinuka akafuta mizani kwa kitambaa kama anayepokea mzigo wa mtu wa heshima. Nikavua viatu, nikapanda pale wanapoweka magunia.

"Mia moja na ishirini na moja," akasoma kwa sauti ya kazini, ile ya kumfikia mtu wa mwisho kwenye foleni. Halafu mazoea yakamshinda. "Toa gunia kilo moja. Mia na ishirini kamili."

"Na daraja?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Daraja la kwanza, mama. Ila unyevu sijapima."

Nilitembea mpaka kwa fundi nacheka njia nzima. Ile namba niliyoikimbia miaka yote ilikuwa imesomwa kwa sauti ghalani na dunia haikuanguka. Nikamwambia shemeji: mia na ishirini. Akahesabu kwa vidole, maana yeye uzito anaujua kwa magunia ya korosho, na gunia ni kilo themanini.

"Gunia moja na nusu," akasema, uso umetulia kabisa. "Kumbe kidogo. Rudi baada ya wiki."

Wiki ile nilishona suruali mbili pana za kuvaa chini ya gauni, moja ya kitenge na moja nyeusi ya heshima. Nilishona nikiimba. Mume wangu akaanza kuwaambia watu msikitini kwamba mkewe ana baiskeli, na sijui aliwaambia kwa sauti gani, ila aliwaambia.

Siku ya kuichukua nilifika mapema. Baiskeli ilikuwa nje, imeoshwa, inang'aa. Nikahesabu spoki za mbele, thelathini na sita. Za nyuma, thelathini na sita. Tairi zilikuwa hasa zile nilizotaka. Halafu nikaona keria.

Sijawahi kuona keria kama ile. Ilikuwa ya nondo. Miguu yake minne ilishuka mpaka kwenye ekseli, imechomelewa kila mahali panapochomeleka, juu imewekewa ubao, na juu ya ubao mto wa sponji uliofunikwa kwa ngozi ya bandia ya rangi ya damu ya mzee. Kulikuwa na mahali pa kushika na mahali pa kukanyagia miguu, huku na huku. Na mbele, pale nilipopapigania kwa unga wa muhogo, kulikuwa na kisiti kile kile cha zamani, chembamba, kigumu, cha mtu mwenye kilo hamsini.

"Shemeji," nikasema, "nani anakaa hapa nyuma?"

"Wewe."

"Na nani anaendesha?"

Akafungua mdomo. Nikaona swali linapita usoni kwake na kukosa pa kwenda. "Si nzee?" akasema. Yaani mume wangu.

Nilipandwa na hasira za kweli. Nilimkumbusha kwamba niliingia dukani kwake peke yangu, nikapanda baiskeli nne peke yangu, nikaulizwa kilo na si mume. Nilimwambia nimebebwa vya kutosha, nimebebwa na pikipiki mpaka ikazama, sijaja kwake kuagiza kiti cha kubebwa tena. Majirani wa banda wakaacha kazi zao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "tangu nianze kazi hii, nzigo uko nyuma. Korosho nyuma, nkaa nyuma, muhogo nyuma. Anayeendesha ni nkavu siku zote. Sikuwahi kutengeneza baiskeli ambayo nzigo ndio unaendesha."

Alisema kwa huzuni ya kweli. Hapo nikaona hakunidharau. Alifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, isipokuwa aliifanya upande mwingine wa baiskeli. Nikaanza kucheka, naye akaanza, na muuza vitumbua wa jirani ikabidi aketi chini.

Keria tulitaka kuikata. Akagonga kwa nyundo, akasikiliza, akatikisa kichwa. Alikuwa ameichomelea kwenye fremu kwa imani, na kuikata kungeiumiza fremu yenyewe. Basi ikabaki. Siti alinitafutia nyingine, pana, ya springi, kutoka kwenye baiskeli kuukuu ya kijiji cha Kitaya, kule mpakani, iliyokuwa inavushiwa mpunga mtoni. Nikaipima kwa futi. Mifupa yangu ilienea na nafasi ikabaki.

Nilifanya mazoezi asubuhi tatu kwenye uwanja wa shule, kabla watoto hawajafika. Siku ya kwanza nilianguka mara mbili, na niseme ukweli, mtu mnene akianguka haumii sana. Siku ya pili nilizunguka uwanja mzima. Siku ya tatu nilipiga kengele bila sababu yoyote.

Jumamosi nikaondoka jua likichomoza. Barabara ya lami ilikuwa tupu na upepo wa kusi unapuliza baridi. Nilipita madereva wa pikipiki wamekaa kijiweni, nikawasalimu, wakaitikia kabla hawajaona wanamwitikia nani. Kwenye mteremko wa kwanza niliachia breki. Mungu wangu. Gauni lilijaa upepo, miwa ikapita, mikorosho ikapita, nami nikagundua jambo ambalo yule bwana wa video hakulisema: mtu mzito kwenye mteremko hana mpinzani. Nilimpita mwanamume mkavu aliyekuwa anakanyaga kwa juhudi zake zote. Mimi sikuwa nakanyaga hata kidogo. Nilimwambia "Asalaam aleikum" na sikusikia jibu, nilikuwa nimeshafika mbali.

Mlimani nilikoma, sifichi. Nilishuka mara mbili nikasukuma. Kwenye njia panda nilipunguza upepo wa tairi kidogo, nikaingia mchangani. Tairi zilizama kiasi, zikashika, zikaenda. Pale penye mchanga mbaya, pale pale, nilishuka mwenyewe bila kuombwa, nikavusha, nikapanda. Ikaenda.

Mama alikuwa barazani anachambua mboga. Nilipiga kengele tangu mbali. Aliinua kichwa, akakinga jua kwa kiganja, akanitazama nikija mpaka nikashuka. Nilingoja aseme kitu juu yangu: jasho, suruali, umri wangu. Nilikuwa nimeandaa majibu yote.

Aliinuka kwa mkongojo, akaizunguka baiskeli. Mbele hakupatazama. Alisimama nyuma, akaikandamiza keria kwa kiganja, akaitikisa. Akaminya ule mto mwekundu.

"Hii keria nzuri," akasema. "Ya baba yako ilikuwa inaniuma."

Nilikuwa nimesahau. Baba alikuwa anampeleka shamba hivyo, kila siku ya kulima, mama amekaa upande nyuma, jembe mapajani. Nilikuwa nimewaona mara mia wakiondoka, na katika hasira zangu zote pale kwa fundi picha ile haikunijia hata mara moja.

"Nishikie nkongojo," akasema mama. Akageuka, akaketi kwenye keria, akapanga khanga yake, akaweka mguu mzima pahala pa kukanyagia na ule mbovu akauacha uning'inie. Mke wa mdogo wangu alitoka jikoni akabaki mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama, mimi bado najifunza."

"Twende nikaone mikorosho."

Nikapanda. Nilikanyaga, baiskeli ikayumba upande, ikayumba upande wa pili, ikanyooka. Njia ya shambani ni ngumu na nyembamba, haina mchanga, na asubuhi ile yote ilikuwa inanukia maua ya korosho, harufu tamu nzito inayokaa kooni. Kuku walitupisha. Mzee mmoja alitupigia saluti kwa jembe lake. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nilitaka kupiga kengele mpaka ikatike.

Halafu nikagundua kwamba simsikii. Nilitegemea uzito. Nilikuwa nimejiandaa kumvuta mtu, nimekaza mapaja, na nyuma yangu hapakuwa na kitu. Keria ile iliyojengwa kwa gunia moja na nusu ilikuwa imebeba mama yangu mzima, na baiskeli haikujua. Robo tatu za gunia aliwahi kuwa nazo, wakati akinibeba mimi mgongoni na kuni kichwani njia hii hii. Sasa sijui. Nikageuza shingo, nikaona ncha ya khanga tu.

"Mama, upo?"

"Nipo."

Nikakanyaga. Tukapita mkorosho wa kwanza wa mpakani, umejaa maua mpaka chini. Keria bado ilikuwa nyepesi. Nikaogopa.

"Mama? Upo?"

"Nipo, ntoto wewe. Tazama njia."

Nikatazama njia. Nilimuuliza mara nyingine nyingi kabla hatujafika, na kila mara alinijibu.